Je, Wajua? Mubilizi, Dawa Chungu ya Watu na Sokwemtu

Mubilizi, kichaka cha majani machungu kinachofahamika kote Kagera, Ngara na Biharamulo zikiwemo, hutumiwa kama dawa na watu na hata wanyama. Nyumbani majani mabichi huoshwa, hupondwa na kukamuliwa mpaka maji yawe kijani yenye povu. Hunywewa kwa homa na minyoo.

Novemba 1987, katika milima ya Mahale mkoani Kigoma, mganga wa mitishamba Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwemtu mgonjwa, Chausiku, akimenya tawi la mmea huohuo, akitafuna kiini na kumeza maji yake machungu. Kesho yake alikuwa amechangamka!

Lakini kikombe cha mubilizi hakina dozi inayojulikana. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke zahanati apimwe malaria. Akikutwa nayo, apewe dawa ya mseto.