Hukumu ya Kifo: Jaji Sasa Husikiliza Kwanza

Msafiri atokaye Kitale kwenda Lodwar hupita Lokichar, na katika nchi ile habari ya watu kuuana kwa ajili ya mifugo si hadithi ya kale. Kwa hiyo yafaa kila mtu wa huko, mchungaji na karani, afahamu jinsi sheria ya Kenya ilivyobadilika juu ya adhabu ya kifo.

Zamani mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kusudi, jaji alilazimika kumhukumu kunyongwa. Awe kijana au mzee, kiongozi au mfuasi tu, hukumu ilikuwa ile ile. Hata hivyo, tangu mwaka 1987, waliponyongwa watu wa jaribio la kuipindua Serikali la 1982, hakuna aliyenyongwa tena. Waliohukumiwa walikaa gerezani bila kujua mwisho wao, mpaka Rais Kibaki mwaka 2009 alipobadili hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Francis Muruatetu, iliamua ya kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kinyume cha Katiba. Hukumu ya kifo haikufutwa. Bali jaji sasa hupima umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama ajuta, na machungu ya jamaa wa marehemu. Basi shauri la mauaji likifika Mahakama Kuu ya Lodwar, mkosaji na jamaa wa marehemu wana neno la kusema kabla ya hukumu, mbele ya jaji au kwa afisa wa probesheni. Wasinyamaze.

Lakini tahadhari! Mwaka 2021 Mahakama hiyo ilieleza ya kuwa uamuzi wake wahusu kosa la kuua kwa kusudi peke yake. Wizi wa mabavu haumo, na adhabu yake katika kitabu cha sheria ni kifo. Aporaye kwa nguvu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, amefanya kosa hilo, ijapokuwa hakufa mtu. Kijana achukuaye bunduki kwenda kupora ng'ombe asijitetee kwa kusema, "Sikuua." Wazee wamweleze mapema, kabla hajaondoka nyumbani.