Kisanduku cha kushusha bili ya umeme: kweli au uongo?

Bila shaka umeshaambiwa: chomeka kisanduku hiki ukutani, bili itashuka hadi nusu. Uongo, na unaumiza, hasa mnunuzi akiwa mwenye kipato kidogo.

Kifungue utakuta kapasita ndogo na kitaa cha kijani. Kapasita yenyewe haina kosa. Mota ya friji au pampu huvuta umeme unaofanya kazi, na mwingine unaokwenda na kurudi kwenye laini ili kujenga usumaku tu. Kapasita hutoa huo wa pili. Lakini yuniti za LUKU Tanzania, sawa na za tokeni Kenya, ni kilowati-saa: umeme uliofanya kazi, basi. Ule wa kwenda na kurudi hukuwa unaulipia. Utaokoa nini?

Basi kapasita zote ni utapeli? Uongo pia. Simama jirani na mashine ya kusaga: mota ikiwashwa, taa za nyumba za karibu hufifia, kwa kuwa mkondo mkubwa hushusha volteji kwenye waya. Kapasita ikipandisha pawa fakta ya mota (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi) kutoka 0.7 hadi 0.95, kazi ikiwa ileile, mkondo kwenye waya hupungua kwa takriban asilimia 26, na umeme unaopotea kwa joto kwenye waya huo kwa asilimia 46 hivi. Volteji nayo hupanda kidogo. Nafuu hiyo huanzia kapasita ilipo kurudi hadi kwenye transfoma, kwa hiyo ifungwe karibu na mota. Mwenye kiwanda anayetozwa kwa kVA, yaani umeme wote unaovutwa pamoja na ule wa kwenda na kurudi, ataiona kwenye bili.

Vipi maneno mengine ya mtaani kuhusu umeme? “Umeme mdogo hauunguzi kitu.” Uongo. Volteji ikishuka sana, kompresa ya friji hushindwa kuzunguka, huvuta mkondo mkubwa na kuchemka.

“Umeme ukikatika, chomoa friji.” Kweli, na waliotufundisha hivyo walikuwa sahihi. Umeme unaporudi, vyombo vya mtaa mzima huwaka kwa mpigo na volteji huyumba. Kompresa nayo huhitaji dakika chache ili shinikizo la gesi litulie. Subiri kidogo ndipo uchomeke.

“Usiku wa manane umeme huwa mkali.” Mara nyingi kweli. Matumizi yakipungua, volteji haipotei sana njiani. Kapasita za kwenye laini zikiachwa zimewashwa saa hizo huipandisha zaidi, ndiyo maana nyingine hufungwa swichi za kuzizima matumizi yakishuka.