Potasiamu 3.3: Kabla ya Kukimbilia Ndizi

Siku hizi majibu ya maabara humfikia mgonjwa kwa simu kabla daktari hajayatia machoni. Mkazi wa Kileleshwa aliyetolewa damu asubuhi, jioni yumo kwenye msongamano wa Ring Road akisoma: potasiamu 3.3. Akifika kwa mama mboga ananunua chane zima la ndizi.

Ndizi hazina ubaya. Ila figo nzima hujua kubana potasiamu chakula kinapopungua, kwa hiyo ikishuka, mara nyingi kuna mahali inapovuja.

Maabara nyingi huhesabu milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita kuwa kawaida. Kati ya 3.0 na 3.4 ni upungufu mdogo. Chini ya 2.5 ni hatari kubwa. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, na sindano huchota katika kile kidogo kilicho nje. Ndiyo maana insulini, au salbutamol ya mwenye pumu, huweza kuishusha kwa muda bila mwili kupoteza chochote.

Kwa mwenye presha, mshukiwa wa kwanza ni haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza ambayo mara nyingi huchanganywa na nyingine katika tembe moja, hata anayeimeza asijue. Ni dawa nzuri: utafiti wa CREOLE wa 2019, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa ikiandamana na amlodipini, dawa nyingine ya presha, hushusha presha vyema. Lakini hutoa potasiamu kwa mkojo. Wengine wameharisha au kutapika, wengine humeza dawa za kulainisha choo ili wapungue. Halafu kuna odowa, yale mawe ya udongo wanayotafuna hasa wajawazito. Udongo huweza kunasa potasiamu tumboni. Daktari haulizi, na mgonjwa anaona haya kusema.

Ambaye presha yake ni ya juu na hatumii dawa ya kukojoza aulizie kipimo cha aldosteroni, homoni ya tezi zilizo juu ya figo ambayo nayo hutoa potasiamu kwa mkojo. Jambo hili, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno.

Chakula nacho kina historia jijini. Mwaka 1990 mtafiti Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliohamia Nairobi kutoka kandokando ya Ziwa Victoria. Presha zao zilikuwa juu kuliko za waliobaki kijijini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ukilinganisha na potasiamu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza walau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Ndizi moja ina kama 400 tu. Githeri yenye maharagwe mengi, nduma na ovakado vitakufikisha mbali zaidi, mradi maji ya mboga hayamwagwi.

Tembe za potasiamu usijinunulie. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha kama enalapril au losartan, huweza kuipandisha hadi moyo usimame. Kwa 3.3 na mwili mzima, daktari kwa kawaida atarudia kipimo, apime figo na magnesiamu, kisha pengine abadilishe dawa. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa ya moyo iitwayo digoksini, au anayehisi moyo ukidunda ovyo na misuli ikilegea, aende hospitali usiku huohuo.