Je, Wajua? Zebaki Mwilini na Vidonge Vinavyoahidi Kuitoa

Je, wajua kwamba tone la zebaki likimezwa kwa bahati mbaya hupita tumboni na kutoka karibu lote, ilhali mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini? Kwa hiyo hatari kubwa kwa wachimbaji wadogo wa Buhemba na Kiabakari, wilayani Butiama, haiko kwenye karai la kukamatishia dhahabu. Iko jikoni au uani, donge la zebaki na dhahabu linapochomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mama anayesonga ugali pembeni huuvuta pamoja na mchomaji, na mtoto aliye mgongoni vilevile.

Je, wajua kwamba mwili hujisafisha wenyewe? Figo na utumbo huitoa zebaki polepole, kiasi kilichomo kikipungua nusu kwa miezi miwili hivi, mradi nyingine isiingie. Anayemeza kidonge asubuhi na kuchoma dhahabu jioni anateka maji kwa pakacha.

Dawa za kweli zipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Oxford chini ya Rudolph Peters walitengeneza dimakaproli, wakitafuta kinga dhidi ya gesi ya vita yenye aseniki. Dawa hiyo hushikana na metali na kutoka nayo kwenye mkojo. Baadaye zikaja DMSA na DMPS, na hii ya pili imewahi kutumiwa kuwatibu wachimbaji wa dhahabu huko Ufilipino. Lakini hizi ni dawa za hospitali. Zinapoondoa sumu, huondoa pia madini ambayo mwili unayahitaji, kama zinki na shaba. Dimakaproli yenyewe haitolewi kwa mtu aliyedhurika na zebaki ya aina ipatikanayo kwenye samaki, maana yaweza kuisukuma hadi kwenye ubongo. Mwaka 2005, mtoto wa miaka 5 huko Pennsylvania, Marekani, alidungwa dawa ya jamii hiyo isiyo sahihi. Kalsiamu ikashuka, moyo ukasimama.

Tena dawa hizi zina kikomo. Agosti 1996, Karen Wetterhahn, mwanakemia wa Chuo cha Dartmouth, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu. Sumu ikapenya. Alipewa DMSA, zebaki ikatoka kwa wingi kwenye mkojo, lakini ubongo ulikwishaharibika. Alifariki Juni 1997.

Vipi basi vidonge vya "kusafisha mwili": klorela, giligilani, unga wa zeolaiti? Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba vinamwokoa mtu mwenye sumu ya zebaki. Oktoba 2010, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyaonya makampuni 8 yaliyouza bidhaa za namna hiyo bila kibali. Na maziwa, ambayo wengi migodini huyaamini? Ni chakula kizuri, basi.

Kuna ujanja mmoja wa kuuangalia kwa makini: mteja hupewa kwanza dawa ya kuvuta metali, kisha mkojo wake unapimwa. Zebaki lazima ipande, hata kwa mtu mzima wa afya! Halafu anauziwa tiba.

Je, wajua kwamba daktari Masazumi Harada, bingwa kutoka Japani wa ugonjwa wa Minamata unaosababishwa na zebaki, alipima nywele za wachimbaji na wavuvi wa kandokando ya Ziwa Victoria? Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi hawakuipata kwa sangara wala sato. Waliipata kwenye sabuni ya kung'arisha ngozi. Nairobi nako, mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari waliona figo za watumiaji wa krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zikiharibika, na baadhi zikapona walipoziacha.

Tukirudi kwa mchomaji wa dhahabu, kifaa kilichofungwa hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, ikatumika tena. Kinalinda mapafu na mfuko.

Ndugu msomaji wa Bukima na vijiji jirani, iwapo umewahi kuchoma dhahabu na sasa mikono inatetemeka, fizi zinauma na usingizi umepotea, nenda hospitali, na umtajie daktari kazi yako kabla hajakuandikia dawa ya malaria.