Tamasha la jazz: mbona wa kwetu hupanda mapema?

Sisi Wapwani wa Makongeni, mtaa uliokuwa wa nyumba za reli, huulizana kila tamasha la jazz likitangazwa: mbona wa kwetu hupanda jukwaani alasiri, watu wakingali njiani? Niwaeleze. Orodha hupangwa kwa ngazi. Anayeuza tiketi zaidi, mara nyingi mgeni wa ng'ambo, hupanda mwisho. Na tiketi zina kazi: Safaricom Jazz, lililoanza 2014, limechangia watoto wa Ghetto Classics, Korogocho. Hilo nalikubali. Lakini Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki Mombasa 1979, alijaza kumbi bila kungoja mgeni. Wenyeji wapewe japo usiku mmoja wafunge wao. Nasi, jamani, tufike mapema.