Mng'ao wa Vyombo vya Udongo

Katika magofu ya Ras Mkumbuu, kisiwani Pemba, vimepatikana vigae vya namna mbili. Vya wenyeji havina mng'ao. Vilivyotoka Uajemi na Uchina hung'aa kama kioo. Na kweli mng'ao huo ni kioo: mchanga uliosagwa, ukachanganywa na majivu, ukayeyushwa juu ya chombo. Moto wa wazi, ambao wafinyanzi wa Pemba huchomea vyungu vyao, hauwezi kuuyeyusha. Hutakiwa tanuri lililofunikwa. Mafundi wengine walitia risasi, ili uyeyuke kwa moto mdogo zaidi. Basi atakaye kujaribu nyumbani na aiache risasi kabisa, kwani ndimu na siki huitoa ikaingia chakulani, nayo ni sumu. Afadhali chungu kisichong'aa kuliko sahani nzuri inayodhuru.