Lexus Wamebaki na Luku, Moto Wameachia GR

Lexus wametuacha kwa mataa, wasee. Nabonga nikiwa Kalemie, Kongo, place barabara kibao ni vumbi na ndai ya kufanya watu wageuze shingo ni Land Cruiser ya mradi. Najua unacheka: wewe na Lexus mnajuania wapi? Tunajuana fiti. Dinga nyingi hapa ni Toyota za Japani; zinashuka Dar, zinasukumwa mpaka Kigoma, halafu zinavuka Ziwa Tanganyika. Na Lexus ni toto ya huyo huyo Toyota. (Sheng nilitoa Kayole, Nairobi. Uchizi wa magari ni wa hapa hapa nyumbani.)

Enyewe hao majamaa walikuwa wanawaka. IS F ilitokea 2007, sedan ya kupeleka mathe kanisa, lakini ukifungua boneti unapata V8 ya lita 5, farasi 416. Hio F ni ya Fuji, ile treki ya mbio kule Japani. Halafu LFA, maze! V10 ya lita 4.8 iliyotengenezwa na Yamaha, wakaunda 500 peke yake kati ya 2010 na 2012, moja ikienda dola 375,000. Injini ilikuwa inapanda kutoka mzunguko wa chini kabisa hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6. Mshale wa kawaida ulishindwa kuifuata, wakaweka wa skrini. Iskize siku moja hata kwa simu. Mega zikiisha, hazijaenda bure.

Sasa cheki hesabu. GS F waliizima 2020. RC F na IS 500, zote za V8, zimefungiwa duka 2025. Kilichobaki kwa wingi ni F Sport: grili nyeusi, bampa kali, rimu, uzi mwekundu kwa siti. Sitadanganya, RX 500h ni haibridi ya turbo yenye farasi 366, si mchezo. Lakini hio ni ndai ya mdosi kuenda mkutano. Kuna pia LBX Morizo RR, kadogo na kakali, ila injini yake ya silinda tatu imetolewa kwa Yaris ya GR, tawi la mbio la Toyota. Yaani Lexus, mtoto wa ganji, anaomba shati kwa broo yake.

Na huyo broo ndiye amekula vinono vyote. Mwisho wa 2025 Toyota walionyesha GR GT, V8 ya turbo mbili, na jina la Lexus halipo hapo. Jina la LFA lilirudi pia, ati kwa gari ya umeme! Hapa Kalemie tunangoja stima ya mtambo wa Bendera irudi ndio tuchaji simu.

Naelewa form yao. Sheria za moshi zimekaza, na wenye doo wanataka SUV. Sawa. Basi ng'oeni hio F kwa mabampa, kwa sababu mchezo wa kubandika tunaujua kuliko nyinyi. Kuna Toyota Harrier imesimama kwa garaji karibu na barabara ya Lumumba, nembo ya L mbele, nyingine nyuma imelala upande. Niliuliza fundi, "Papa, iyi ni Lexus?" Akapangusa mikono na kitambaa, hata hakuinua kichwa. "Apana, mutoto. Iyi ni Harrier. Mwenye yayo njo alibandika L." Kitu ya kuchekesha ni kwamba jamaa hajakosea sana: Harrier ya kwanza ndiyo iliuzwa nje kama Lexus RX, vile Altezza ilikuwa IS na Aristo ikawa GS. Huyu angalau ana damu ya ukoo.

Mimi nikiomoka sitaki mpya. Nataka IS F ya 2008, hata rangi ikiwa imechubuka. Yule Papa wa garaji anasema ni ufala: kompresheni yake ni 11.8, na petroli ya kadafi, ile ya chupa pale kando ya barabara, itaigonganisha injini kabla ya wiki kuisha. Hapo ananibeba. Lakini nikamuuliza kama angekubali kuifungua ikifika, akacheka, akasema nilete na vipuri vyake kabisa, na yeye ndiye wa kwanza kuiendesha.